Mkopo si sare ya shule

Hebu tuulizane, washikaji. Ukienda kwa fundi cherehani pale Tandika, kabla hajashika mkasi anafanya nini? Anakupima. Mabega, kiuno, urefu. Hakusoma chuo kikuu, lakini anajua suruali ya bwana mnene haimfai kijana mwembamba wa Tandale. Wakubwa wetu wenye shahada zao jambo hili limewashinda.

Nazungumzia ile asilimia 10. Sheria ya fedha za serikali za mitaa, baada ya kurekebishwa mwaka 2018, inaziamuru halmashauri, Kinondoni na Temeke zikiwemo, zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni mlango. Tangu mwanzo mfumo huu umejengwa juu ya kikundi: andikeni katiba, fungueni akaunti, leteni andiko, subirini. Muuza karanga na mwenye karakana wanapitishwa mlango huo huo.

Matokeo tuliyaona. Vikundi vya kuokotezana, watu wanaungana asubuhi na kugawana ngawira jioni. Marejesho yakawa ndoto, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu akapiga kelele, na Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo, ikaja kuirudisha mwaka 2024. Waliolipa kwa uaminifu wakaadhibiwa pamoja na matapeli. Hiyo ni haki?

Sasa tupime. Kijana anayeanza biashara Mbagala Rangi Tatu hahitaji mamilioni, yatamzidi kimo. Anahitaji mtaji mdogo wa kuzungusha, na zaidi ya hapo mahali pa kukaa bila kukimbizwa na mgambo. Mwishoni mwa 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa sh. 20,000, tukaambiwa wenye navyo wasibughudhiwe. Mwaka 2021 ikaja amri ya kuwaondoa machinga barabarani, vibanda vikavunjwa. Mkopo utamsaidia nini mtu ambaye kesho hajui atapanga bidhaa wapi?

Nenda Keko kwa mafundi samani. Fundi aliyedumu miaka mitano ana wateja na ana jina. Kinachomkwamisha ni mashine ya kuranda na mbao kavu. Ukimwambia alete wenzake wanne, atawatoa wapi? Atawaokota, na hapo uongo umeanza. Huyu akopeshwe mashine yenyewe, na mashine iwe dhamana, alipe kidogo kidogo mpaka iwe yake. Mbona bodaboda za mkataba zinakwenda hivyo hivyo kila siku na hakuna semina?

Kuna wa tatu, aliyekwisha ajiri watu kumi. Huyu hataki mkopo wa huruma, anataka soko. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Basi madiwani watuambie: madawati ya shule za kata zao yanatengenezwa na nani? Na fundi akishapeleka mzigo, alipwe. Malipo yakicheleweshwa miezi sita, karakana inafungwa na vijana kumi wanarudi kijiweni.

Nani wa kupima? SIDO ipo tangu 1973, na kazi yake ni viwanda vidogo. Halmashauri itume mtu wake na mtu wa SIDO waende kibandani, wahesabu mauzo, ndipo waseme huyu yuko hatua gani. Anayerejesha apande hatua ya pili. Asiyerejesha abaki alipo, hata akiwa mpwa wa diwani.

Na sisi vijana tuache kuuita mkopo mgawo. Kila anayekula fedha hizi na kutokomea anamfungia mlango mdogo wake.

Wakubwa, shikeni futi kwanza. Mkasi baadaye.