Zimwi Likujualo: Nimeitazama Tena "Mr. Vampire"

Wapo wazazi na walimu wanaoshikilia kwamba filamu za mizimu na mazimwi ni sumu kwa vijana. Wapo pia vijana wenzangu wasemao kwamba filamu hizo ni mchezo tu: cheka, usahau, nenda ukalale. Mimi sikubaliani na upande wowote. Hoja yangu ni kwamba filamu nzuri ya kutisha na kuchekesha yafaa itazamwe mara mbili. Mara ya kwanza ucheke. Mara ya pili uulize: zimwi hili lilitengenezwa na nani?

Mfano wangu ni filamu iitwayo Mr. Vampire. Mpenzi msomaji, huenda hulijui jina hilo, lakini filamu yenyewe huenda umeiona. Ni ile ya wafu wa Kichina wanaoruka-ruka miguu pamoja kama chura, mikono imenyooshwa mbele, na karatasi ya manjano imebandikwa kwenye paji la uso. Ilitengenezwa Hong Kong mwaka 1985 na mwelekezi wake ni Ricky Lau. Yule kuhani mwenye nyusi zilizoungana ni Lam Ching-ying, mwigizaji hodari aliyefariki mwaka 1997. Filamu hii ilipendwa mno, hata zikafuata nyingine chungu nzima za wafu wanaoruka.

Mimi niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu, katika kibanda cha video kwenye kituo chetu cha biashara, upande wa Litein. Kiingilio kilikuwa shilingi 10. Tulikalia mbao, na mvua ya alasiri ya huku kwetu ikipiga mabati hata usisikie jirani yako. Filamu yenyewe ilikuwa imetafsiriwa na mmoja wa wale watangazaji wanaozungumza juu ya picha kwa Kiswahili na Sheng. Hapa Kenya jina lililovuma katika kazi hiyo ni DJ Afro, na kule Kampala yupo VJ Jingo. Huyu wetu simtaji jina, maana nina neno naye.

Jamani, tulicheka! Kuhani alimwita Mzee Nyusi na yule mfu akamwita Babu Chura. Mfu alipofufuka, mtangazaji alisema amerudi kudai pensheni yake. Katika filamu ile mfu hakuoni ukibana pumzi, basi kibanda kizima kilibana pumzi pamoja na waigizaji. Usiku, kutembea kati ya michai kwenda nyumbani, si mchezo. Nyanya zetu wametusimulia habari za chemosi, zimwi la mguu mmoja linalotembea usiku. Sasa ukichanganya chemosi na Babu Chura, nani angethubutu kuchelewa nyuma?

Likizo ya Agosti iliyopita binamu yangu alikuja na filamu hiyo hiyo kwenye simu. Safari hii haikuwa na mtangazaji. Waigizaji walizungumza Kichina chao na maandishi ya Kiingereza yakapita chini ya picha. Ndipo nilipogundua kwamba mtangazaji wetu alikuwa ameruka jambo moja kubwa, tena la mwanzoni kabisa. Wakati watu wale wanasimama kaburini wakizungumza, yeye alikuwa akisalimia mashabiki wake wa Nakuru na Eldoret.

Jambo lenyewe ni hili. Tajiri mmoja kwa jina Yam anataka kumzika baba yake upya ili familia izidi kupata baraka. Baba huyo amekaa ardhini miaka 20. Kuhani anashangaa kuona jinsi kaburi lilivyojengwa vibaya, na mwili haujaoza. Anamwuliza tajiri: je, mlikuwa na ugomvi na aliyewachagulia mahali hapa? Kumbe shamba lile la kaburi lilikuwa la yule mtabiri mwenyewe, na mzee Yam alimlazimisha amwuzie. Mtabiri hakuwa na nguvu ya kukataa. Akaingoja siku ya mazishi, akatoa maagizo mabaya makusudi ili aliyemnyang'anya asipate pumziko.

Basi Babu Chura hakurudi kudai pensheni. Alikuwa mnyang'anyi wa shamba. Na alipotoka ndani ya jeneza alimwendea nani kwanza? Mwanawe wa kumzaa. Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika filamu hii zimwi lilimjua mtu kuliko wote, na lilimmaliza.

Baada ya kuelewa hilo, kila kichekesho kilinigeukia. Wanafunzi wawili wa kuhani wanaambiwa wapige mistari ya wino kulizunguka jeneza ili mfu asitoke. Wanafanya haraka haraka, wanasahau upande wa chini, na huko ndiko balaa linakotokea. Mmoja wao akijeruhiwa, dawa yake ni mchele wa kunata. Mwenzake anatumwa dukani, na mwenye duka anauchanganya na mchele wa kawaida ili apate faida. Mgonjwa nusura ageuke zimwi kwa sababu ya senti chache za muuzaji. Kibandani tulicheka sana hapo. Lakini mkulima yeyote mdogo wa majani chai anayejua uchungu wa mizani isiyosema kweli hatacheka kwa muda mrefu. Isitoshe, tajiri anapouawa, mkubwa wa polisi anamtia kuhani ndani, yaani anamfunga mtu wa pekee awezaye kuwaokoa. Hata hilo si geni masikioni mwetu.

Nimechagua kuandika haya katika jarida letu kwa sababu sisi tunaishi juu ya ardhi yenye kesi. Wageni wakipita barabara ya Kericho huona kijani kibichi kimekatwa sawasawa kama zulia, wakapiga picha. Wazee wetu wakitazama zulia lile huona jambo jingine. Wakipsigis na Watalai waliondolewa katika mashamba yao wakati wa ukoloni, na sehemu kubwa ikawa mashamba ya chai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa mbu na mbung'o. Waliosalia walirudi wakati uhuru unakaribia, wakakuta hakuna pa kurudi. Mwaka 2022 wawakilishi wao walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Hesabu mwenyewe: kutoka 1934 hadi 2022 ni miaka 88. Babu Chura alikaa ardhini 20 tu.

Naomba nieleweke vizuri. Sisemi kisasi cha mtabiri kilikuwa cha haki. La hasha! Hapo ndipo filamu ilipo na busara kuliko sisi. Mtabiri alidhulumiwa kweli, lakini kisasi chake kiliwapata watu ambao hawakumnyang'anya chochote: msichana Ting Ting, mjukuu wa yule mnyang'anyi, na kijana aliyetumwa kazi tu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, nyumba za wafanyakazi wa chai waliotoka jamii nyingine zilichomwa huku kwetu, na watu wakakimbia. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini waliochomewa nyumba hawakuwa wao walioandika sheria ya 1934. Walikuja kuchuma majani wapate karo ya watoto, na baadhi ya watoto hao leo ni wenzetu darasani. Dhuluma isipotengenezwa huruka-ruka gizani, na ikikosa aliyeitenda humshika yeyote aliye karibu.

Kwa hiyo nawajibu kwanza wale wanaotaka filamu hizi zipigwe marufuku. Mwaka 2013 mwelekezi Juno Mak alitengeneza filamu ya Rigor Mortis, akamrudisha Chin Siu-ho, mmoja wa wale wanafunzi wawili wa kuhani, akiwa sasa mtu mzima. Mle kicheko kimekwisha kabisa. Mimi naona ile ya kale ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu kicheko kilitufungua mdomo nayo ikatutia dawa. Ukiipiga marufuku, umetupa dawa pamoja na kijiko.

Nawajibu pia watangazaji wetu. Kazi yenu ni njema, maana bila ninyi mama zetu na wadogo wetu wasiojua Kiingereza wasingeingia kibandani kabisa. Ongezeni chumvi, tieni vichekesho, mwiteni mfu Babu Chura. Lakini msiiruke sehemu ya kaburini. Anayetafsiri amebeba mzigo wa mwenzake, na mzigo haupunguzwi njiani.

Mwisho, napendekeza Chama chetu cha Kiswahili kitenge siku moja kila muhula ya kutazama filamu kisha kujadiliana, mwalimu akiwepo. Tuanze na hii ya Babu Chura. Baadaye kila mmoja amwulize bibi yake habari za chemosi na aziandike kwa Kiswahili sanifu, pamoja na swali moja ambalo watoto huogopa kuuliza: kabla halijawa zimwi, lilimkosea nani, au nani alilikosea?

Mwanafunzi wa Kidato cha 3