Tahadhari: Usikubali Tapeti za Oili Zikazwe Kuua Kelele

Kama gari lako la zamani linalia tik-tik na fundi ameshafungua kava ya hedi, msimamishe kwanza umuulize: tapeti za injini hii ni za skrubu, za shimu au za oili? Asipokuwa na jibu, kava irudishwe. Tapeti za oili hazisetiwi kwa fila geji. Anayezikaza ili kelele inyamaze anakukabidhi gari lililotulia jioni hiyo, nawe utarudi gerejini baadaye ukiwa na vali zilizoungua.

Onyo hili ni la wenye magari na mafundi wa Kwapa, Malaba, Tororo na Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya. Kosa hili linaenea kwa urahisi huku mpakani kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni umri wa magari yetu. Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Lakini Uganda ilipoweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, magari makongwe kuliko hapo yalikuwa yamekwisha kuingia, na mengi bado yanabeba watu na mizigo ya soko.

Ya pili ni mahali mafundi walipojifunzia kazi. Malori ya barabara ya Mombasa hadi Kampala hupanga foleni Malaba, na mafundi wengi wamekulia chini ya malori hayo. Kwenye injini nyingi za lori za dizeli, au kwenye Peugeot 504, tapeti ikilia maana yake nafasi imepanuka: unapitisha fila geji, unakaza skrubu, kelele inakwisha. HiAce ya 3L au 5L inabadilishwa shimu. Hapo fundi hajakosea. Anakosea anapoupeleka mkono huohuo kwenye Pajero ya petroli ya 6G72, Nissan Primera ya SR20, Subaru Legacy ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mercedes 190E au Range Rover ya V8. Hizo zinajiseti zenyewe kwa oili.

Kelele hiyo inatoka wapi

Ndani ya tapeti ya oili mna pistoni ndogo, springi na kigololi. Pampu ya injini inaisukuma oili hadi kwenye chemba iliyo chini ya pistoni hiyo. Nundu ya kamshafti ikiikandamiza tapeti, kigololi kinaziba tundu, oili inanaswa ndani, na kwa kuwa oili haibanwi, tapeti inakuwa kipande kimoja kigumu kinachofungua vali. Vali ikishafunga, springi inainua pistoni ndogo, nafasi yote inazibwa, na oili inajazia palipopungua. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vali inafunguka mara 25 kwa sekunde, na kila mara tapeti inajipima upya.

Kwa hiyo tapeti ya aina hii ikilia, jambo la kwanza kushuku ni oili: imepungua, imechafuka, siyo inayotakiwa, au haifiki juu kwa nguvu ya kutosha. Hata oili iliyozidi ina madhara. Kranki inaipiga mpaka inaingia hewa, hewa inabanwa, na tapeti inalegea. Mlio wa sekunde chache asubuhi baada ya gari kulala ni wa kawaida, kwani baadhi ya tapeti zilikesha zimekandamizwa zikavuja. Mlio unaoendelea injini ikiwa imeshapata moto ndio wa kushughulikiwa.

Njia nne za kuua injini

*Kukaza.* Nyingi kati ya injini hizi hazina hata skrubu ya kukaza. Chache zinayo, kama V8 za zamani za Chevrolet na basi za petroli za Volkswagen T3 za miaka ya 1980. Skrubu hiyo kazi yake ni kuiweka pistoni ndogo katikati ya mwendo wake. Silinda inaletwa juu kabisa, vali zote mbili zikiwa zimefungwa. Skrubu inalegezwa mpaka mchezo uonekane, inakazwa mpaka mchezo uishe tu, kisha inaongezwa mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Wengine wanaandika nusu mzunguko, wengine mmoja, wengine miwili. Fundi anayekaza huku akisikiliza mpaka mlio ufe anaigotesha pistoni ndogo chini, na vali haifungi tena sawasawa.

*Kuweka washa.* Wapo wanaofungua tapeti iliyokufa na kuijaza washa ili iwe ngumu. Injini ikipata moto vyuma vinatanuka, nafasi ya kutanukia haipo, na vali inabaki imeinuliwa kidogo.

*Kusaga bila kupima.* Siti za vali zikikatwa, au hedi ikipunguzwa mashineni kwenye injini ya pushirodi, urefu unabadilika na tapeti inabanwa kuliko inavyostahimili. Hedi ikitoka kwa fundi wa mashine, urefu upimwe kabla ya kufunga.

*Kumwaga dizeli au mafuta ya taa kwenye oili* ili “kuosha tapeti.” Oili inakuwa nyepesi, beringi za kranki zinakosa ulinzi, na uchafu uliong’oka unaenda kuziba chujio la pampu. Ulikuwa na tapeti moja inayolia. Sasa injini nzima imekosa oili.

Njia tatu za kwanza zinaishia pamoja. Vali ya eksozi inafanya kazi kwenye joto linalopita nyuzi 700 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya joto hilo inatoka pale tu vali inapokaa kwenye siti yake. Ikiinuliwa hata kwa unene wa karatasi, haipoi, na gesi ya moto inapita pembeni na kuukata ukingo wake. Ndiyo maana gari linaondoka gerejini likiwa kimya na mwenyewe ameridhika, huku uharibifu ndiyo kwanza umeanza.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu

1. Gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa, pima oili. Iwe kati ya alama mbili za kijiti, isipungue wala kuzidi.

2. Soma alama ya injini kwenye bloku au kibati cha chasisi, umtajie fundi. Jina la gari halitoshi. Modeli moja inaweza kuja na injini za aina mbili.

3. Sikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye kava, mpini sikioni. Mlio mwepesi wa juu, unaokwenda nusu ya mwendo wa kranki, unaelekea kuwa wa tapeti. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, unaozidi injini ikipewa mzigo, waweza kuwa wa beringi, na gari hilo livutwe, lisiendeshwe.

4. Pima presha ya oili kwa geji, injini ikiwa ya moto. Kipimo cha zamani cha mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Kitabu cha injini kikisema vingine, kifuate.

5. Badilisha oili na filta pamoja. Filta ya bei ya kutupa mara nyingi haina kile kiraba kinachozuia oili kurudi chini injini ikizimwa, na hiyo peke yake inatosha kuleta mlio kila asubuhi. Tapeti iliyoganda kwa uchafu inaweza kuachia baada ya kuendesha kwa siku kadhaa.

6. Mlio ukibaki, tapeti zitolewe, kila moja ikiwekewa alama ya mahali ilipotoka. Tapeti iliyojaa oili ikibonyezwa kwa kidole gumba inakaza. Inayozama kwa urahisi imekufa, inunuliwe nyingine. Baada ya kufunga, subirini angalau nusu saa kabla ya kuwasha, tapeti zishuke zenyewe. Mkiharakisha, vali inaweza kugonga pistoni.

Kwenye ununuzi wa oili pia, uwe mwangalifu. Usinunue ya kumiminwa kutoka kwenye jerikeni, hata muuzaji akiapa kwamba imevuka usiku kutoka upande wa pili. Kopo liwe na sili yake, daraja la unene linalotajwa na kitabu, na alama ya Q ya UNBS au alama ya KEBS. Ya KEBS unaweza kuihakiki ukiwa dukani: andika SM#, ufuatishe namba ya kibali iliyo chini ya alama, utume kwa 20023.

Kama tapeti zimeshakazwa

Dalili ni hizi: injini inatetemeka ikiwa sailensa, haina nguvu kwenye mlima, haiwaki upesi, inapiga puu-puu kwenye eksozi au inatema moto kwenye kabureta. Acha kuiendesha na uagize kipimo cha kompresheni kwa kila silinda. Silinda ya chini kabisa ikiwa pungufu ya robo tatu ya ile ya juu kabisa, kuna vali isiyofunga au ringi za pistoni zilizochoka. Tia oili kidogo kwenye silinda hiyo upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi. Isipopanda, shuku vali. Skrubu ilegezwe au washa itolewe leo, kabla siti haijachimbika.

Na taa nyekundu ya oili ikiwaka huku tapeti zinalia, zima injini papo hapo, hata kama ni katikati ya foleni ya mpakani. Utasukuma gari mpaka pembeni, lakini injini yako itabaki nzima.