Ruzuku ya Korona kwa Wakulima: Kilifi Yafunza Thamani ya Wakati na Usajili

Serikali ya Kitaifa ilipotangaza mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7 tarehe 23 Mei 2020, shilingi bilioni 3 zilitengewa pembejeo za wakulima wadogo 200,000, kupitia vocha za kielektroniki. Kwa wastani, hesabu hiyo ni shilingi 15,000 kwa kila mkulima. Hata hivyo, kwa kaunti ya vijijini kama Kilifi, thamani ya ruzuku ya aina hiyo hutegemea pia msimu inapowasili na majina yaliyomo katika daftari.

Kilifi, pamoja na Mombasa na Kwale, ilifungiwa usafiri wa kuingia na kutoka kuanzia tarehe 8 Aprili 2020, na marufuku hayo yakaondolewa Kilifi na Kwale mapema mwezi Juni. Mizigo ya chakula iliruhusiwa kupita, lakini safari za ndege za kimataifa zilikuwa zimesitishwa na hoteli za Malindi na Watamu zikakosa wageni. Mkulima aliyetegemea soko hilo alipoteza fedha ambazo angenunulia mbegu.

Mfumo wa vocha haukuwa mgeni katika kaunti hiyo. Mradi wa KCEP-CRAL, uliofadhiliwa na Serikali kwa ushirikiano na Umoja wa Ulaya na shirika la IFAD, ulikuwa ukiutumia katika kaunti kame, Kilifi ikiwemo. Badala ya kupewa magunia, mkulima hupewa uwezo wa kununua mbegu na mbolea kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Njia hiyo hupunguza mwanya wa walanguzi na humwachia muuzaji wa kijijini biashara yake.

Ugumu wa kwanza ulikuwa wakati. Upanzi wa masika Pwani huanza mwishoni mwa Machi na Aprili, hivyo tangazo la Mei lilikuta mbegu zimekwisha kufukiwa. Tumaini lilibaki kwa vuli. Lakini vuli ya mwaka huo ndiyo iliyofungua mfululizo wa misimu mitano ya mvua haba katika maeneo kame nchini, na tarehe 8 Septemba 2021 ukame ukatangazwa kuwa janga la kitaifa. Mbolea bila mvua haijazi ghala. Kwa maeneo kama Ganze na Magarini, mbegu za mihogo, kunde na pojo zinazostahimili kiangazi zina uzito sawa na mbolea ya mahindi.

Ugumu wa pili ni usajili. Vocha humtambua mwenye kitambulisho na nambari ya simu. Mjane anayelima shamba lililosajiliwa kwa jina la marehemu mumewe, au familia inayotumia simu moja, huweza kuachwa nje ilhali ndiyo yenye uhitaji mkubwa zaidi.

Serikali ilipoanzisha usajili wa wakulima kidijitali mwaka 2023 ili kusambaza mbolea ya ruzuku, daftari hilo lilikuwa jibu kwa sehemu ya tatizo hili. Faida yake, hata hivyo, itategemea usahihi wake. Mkulima anashauriwa kuthibitisha taarifa zake kwa chifu au afisa wa kilimo wa wadi kabla ya mvua. Nazo mamlaka husika zina wajibu wa kufikisha ruzuku kabla ya jembe kuingia shambani, kwa kuwa msimu haumsubiri mtu.