Eti Baa Isiyo na Makuu!

Jamani, tuache kudanganyana. Tajiri akichoka kula kitajiri, hujenga chumba cha pembeni akachezee ukabwela humo. Halafu sisi tunampigia makofi!

Mfano huu hapa, wa New York. Mwaka 2019, kwenye majumba mapya ya Hudson Yards, ulifunguliwa mkahawa wa samaki uitwao Estiatorio Milos. Samaki wanalazwa juu ya barafu kama maharusi, mteja anachagua, anapimiwa, analipa kwa uzito. Ubavuni pake ikawekwa Milos Wine Bar: mvinyo wa Kigiriki, visahani vidogo vidogo, eti mambo ya kawaida tu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Costas Spiliadis, mwenye Milos, alianzia Montreal mwaka 1979, na alichokipigania ni cha haki: chakula cha kwao kisidharauliwe, samaki awe wa leo, mafuta ya zeituni yawe ya kweli. Na mvinyo wa Kigiriki una jasho ndani yake. Kule Santorini mizabibu ya Assyrtiko husukwa chini kama kikapu ili upepo usiiangamize. Kuutembeza mvinyo huo ugenini si kosa.

Ugomvi wangu ni na hilo neno "kawaida". Kawaida ya nani? Ugiriki kawaida ina jina lake: taverna. Pale mvinyo ndio unaopimwa kwa kilo. Unamiminwa kwenye jagi la bati, unawekwa mezani pamoja na mkate na dagaa wa kukaanga. Nusu kilo, watu wanne, usiku mrefu, na hakuna anayekuletea bili kabla hujaiomba.

Kwenye vilabu vya walalahoi vya Piraeus ndiko muziki wa rebetiko ulikokomaa, baada ya wakimbizi kumiminika kutoka Asia Ndogo mwaka 1922. Wenye heshima zao wakauita muziki wa wahuni. Serikali ya Metaxas, iliyoshika nchi mwaka 1936, ikaubana kwa udhibiti. Mwaka 2017 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Umeuona mchezo? Kwanza wanakutukana, kisha wanakuziba mdomo, na ukishakufa wanakusifu.

Baa ya Hudson Yards inaweza kuhamisha zeituni, mvinyo na dagaa. Haiwezi kuhamisha kile kiti alichokalia mchukuzi wa bandarini bila kuulizwa ana ngapi mfukoni. Nyimbo zilizaliwa kwenye kiti hicho.

Nawe unayeandika, usicheke. Wapo washikaji zetu wanaookota maneno ya kijiweni, wanayaosha, wanayapanga kwenye hadithi safi, kisha wanawasomea watu wa viyoyozi. Aliyeyatunga hana hata nauli ya kufika ukumbini. Hiyo nayo ni baa ya ubavuni, bwana! Ukiitaka lugha ya kijiwe, kaa kijiweni, mlipie mwenzako chai, na ukishaandika rudi ukawasomee wao kwanza. Wakikwambia umewauza, chana ukurasa uanze upya.