SOMO LA KILAGUNI HALIKUFIKA KIBERA

Mwezi wa Februari 2008, nchi yetu ikiwa ingali inanuka moshi, wapatanishi wa PNU na ODM, wanne kwa wanne, walipelekwa katika hoteli ya Kilaguni iliyomo mbugani Tsavo Magharibi, wakiongozwa na Bwana Kofi Annan. Huko aliletwa mgeni kutoka Berlin, Bwana Gernot Erler, Waziri wa Nchi katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, awaeleze jinsi vyama vikubwa viwili vya nchi yake, vilivyokuwa mahasimu wa jadi, vilivyoafikiana mwaka 2005 kuunda serikali moja. Mwezi haukwisha ila Mwai Kibaki na Raila Odinga walikuwa wametia saini Mwafaka wa Kitaifa mbele ya Harambee House, tarehe 28 Februari.

Yamkini hakuna somo la siasa za Ulaya lililowahi kuwafaa Wakenya kuliko hilo. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za wakati ule, na laiti mazungumzo yangevunjika, hesabu hiyo isingekomea hapo. Lakini tujiulize, ndugu wananchi: somo lenyewe lilitolewa kwa nani? Lilitolewa kwa watu waliotosha meza moja, mahali ambapo walinzi wa karibu walikuwa ndovu na nyati. Wakaaji wa Kibera, ambako mataruma ya reli yaling'olewa na nyumba kuteketezwa, na wale wa Kawangware waliokesha wakilinda vibanda vyao, hawakuambiwa chochote zaidi ya kwamba wakubwa wamepatana, basi na wao wapatane.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu vyuo vikuu vya Ulaya vina bidii ya kustaajabisha katika kuwafundisha walimwengu namna Ulaya inavyojitawala. Tangu mwaka 1967 wasomi wa Uingereza wana shirika lao la vyuo kwa ajili ya taaluma hiyo, liitwalo UACES. Mwaka 1989 Kamisheni ya Ulaya ilianzisha mpango uliopewa jina la Jean Monnet, Mfaransa anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa umoja wao, ili kugharimia masomo ya muungano wa Ulaya vyuoni. Na tangu mwaka 2001 mlango huo umefunguliwa kwa vyuo vya mabara mengine. Leo mpango huo umo chini ya Erasmus+. Profesa anayepewa kiti cha Jean Monnet hupaswa kufundisha saa zisizopungua 90 kila mwaka wa masomo kwa muda wa miaka mitatu. Aliye na somo dogo zaidi hutakiwa saa 40. Mbali na vyuo, wakfu za vyama vya Ujerumani zina ofisi zao hapa hapa Nairobi, na hazikosi semina.

Hatuna ugomvi na bidii hiyo. Wako wenzetu katika kambi ya mageuzi wanaoiita ukoloni uliovaa joho la mahafali, hatukubaliani nao. Elimu haina pasipoti. Tena historia yetu wenyewe inawapinga. Tarehe 1 Januari 1990, Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbyterian alihubiri mahubiri ya Mwaka Mpya akawauliza watawala wa Afrika kama hawajaona yaliyotokea Ulaya Mashariki, ambako tawala za chama kimoja zilikuwa zimeanguka moja baada ya nyingine na Ceaușescu wa Romania alikuwa ameuawa siku ya Krismasi. Mawaziri wa KANU walifoka. Kwa nini walifoka? Kwa sababu kwa mara ya kwanza siasa za Ulaya zilikuwa zimefundishwa bila ada ya karo, kwa watu waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa, na walizielewa upesi. Miezi sita baadaye ikaja Saba Saba, na mnamo Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali, kikafutwa. Wafadhili waliokutana Paris mwezi uliotangulia na kuifungia serikali misaada walichangia, hilo hatulikanushi. Ila waliovuta hewa ya machozi ni wananchi.

Malalamiko yetu ni mengine. Ni kwamba baina ya Ulaya na mitaa yetu elimu hupita njia moja tu. Kibera ni miongoni mwa mitaa iliyochunguzwa mno barani. Watafiti huja na hojaji, huhesabu vyoo, huhesabu watoto, huuliza mama anakula mara ngapi kwa siku, kisha huenda zao wakaandike tasnifu. Hata hivyo kwa miaka mingi dunia iliambiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, hadi sensa ya 2009 ilipohesabu 170,070. Mtaa huu umesomwa hadi umechoka, na bado ungali unasomwa vibaya! Wanaosomwa, kwa upande wao, hawajapewa hata saa moja kati ya zile saa 90 za kuwasoma wanaowasoma.

Tungefaidi nini? Turudi Kilaguni. Sisi wanasheria tumeusoma Mwafaka wa 2008: ni kurasa chache mno. Mapatano ya Wajerumani ya 2005 yalikuwa kitabu kizima, kilichotaja kodi, pensheni, shule na kiwanda, na vyama vyote vilivyohusika viliyapeleka kwenye mikutano yao mikuu kuidhinishwa kabla serikali haijaundwa. Mwaka 2013, SPD ilipotaka kuingia tena serikalini na wapinzani wake, ilikwenda mbali zaidi: ilimtumia kila mwanachama karatasi ya kura kwa posta, na kama asilimia 76 ya waliopiga wakakubali. Mwaka 2018 iliwauliza tena, wakakubali kwa asilimia 66 hivi. Mwaka 2025 iliwauliza mara ya tatu. Yaani seremala wa Leipzig mwenye kadi ya chama angeweza kuyakataa mapatano ya wakubwa wake, na wakubwa wangeondoka mezani mikono mitupu.

Linganisheni na yetu. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walisalimiana kwa mikono kwenye ngazi za Harambee House. Mwanachama wa Kibera na mwanachama wa Kawangware, ambao miezi minne tu nyuma, baada ya marudio ya uchaguzi ya 26 Oktoba 2017, walikuwa wametazamana kwa mapanga na mawe, walizisikia habari redioni. Tarehe 7 Machi 2025 UDA na ODM zilitia saini hati ya maelewano yenye hoja 10. Wanachama hawakuipigia kura. Pengine zilikuwa hati njema, pengine zilituepusha na maafa, hatuzihukumu hapa. Tunachosema ni kwamba mwenye chama hakuulizwa, na wala hakujua kwamba ziko nchi ambako mwenye chama huulizwa. Asiyejua kwamba jambo lawezekana hawezi kulidai.

Yako mambo mengine ya namna hiyo. Katiba ya Ujerumani, kifungu cha 21, yaamuru kwamba mpangilio wa ndani wa vyama ufuate misingi ya demokrasia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 91, inasema karibu yale yale: kila chama kiwe na baraza la uongozi lililochaguliwa kidemokrasia. Maneno ni ndugu, matendo hayajuani. Kwao mgombea huteuliwa kwa kura ya siri ya wanachama au wajumbe wao. Kwetu, aliyeona kura za mchujo katika mitaa hii anajua masanduku yanavyochelewa, daftari za wanachama zinavyogeuka usiku kucha, na cheti kinavyomwangukia asiyetarajiwa. Tuchukue pia uchaguzi wa 29 Desemba 1992. Daniel arap Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura, kwa kuwa Matiba, Kibaki na Jaramogi waligawana zilizosalia. Kwa utaratibu wa Wafaransa angelazimika kurudi uwanjani kwa duru ya pili dhidi ya mmoja wao. Wanasheria wa wakati huo waliujua utaratibu huo, tena vizuri. Umma haukuujua, na kanuni iliyopitishwa mwaka huo ilidai tu asilimia 25 katika mikoa mitano, bila kudai nusu ya kura zote. Ilitubidi tungoje miaka 18 kuiandika duru ya pili katika katiba.

Wala si siasa za vyama pekee. Brussels huamua bei ya ugali wa watu wasiojua Brussels iko wapi. Tarehe 1 Oktoba 2014 maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru Ulaya kwa sababu mkataba wa kibiashara ulikuwa haujakamilika, na ushuru huo ukadumu hadi Desemba. Mkataba wa sasa ulitiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na kwa mujibu wake soko letu litafunguliwa hatua kwa hatua kwa miaka 25. Mtoto anayezaliwa leo Gatwekera atakuwa mtu mzima kabla hatua hizo hazijakwisha. Mwuza mitumba wa soko la Toi naye ana haja ya kujua kwamba tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimika kukusanya nguo kuukuu mbali na taka nyingine, na kwamba sheria yao mpya ya usafirishaji wa taka, iliyoanza kuwa na nguvu mwaka 2024, inakaza masharti ya vitu vinavyopelekwa nchi kama yetu. Marobota yake yatapungua au yataongezeka? Yatakuwa mazuri au mabovu? Hilo ni somo la Jean Monnet hasa, tena lenye wanafunzi tayari.

Mahakama zetu zimekwisha kuonyesha njia. Mwaka 2007 wakulima wadogo, kupitia jukwaa lao la Kenya Small Scale Farmers Forum, waliishtaki serikali kuhusu majadiliano ya mkataba huo na Ulaya. Hukumu ilitolewa mwaka 2013. Mahakama Kuu haikuyasimamisha majadiliano, lakini iliiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wadau na kuujulisha umma. Kujulisha umma, kwa lugha gani? Kifungu cha 7 cha katiba chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Makaratasi ya Ulaya hutafsiriwa kwa lugha 24 za wanachama wake, hata Kimalta kinachosemwa na watu wachache kuliko wakaaji wa wilaya moja ya Nairobi. Kiswahili chatosha kuwa cha ishirini na tano pale mkataba unapotiwa saini nyumbani kwake.

Basi tunawaambia wahadhiri wetu wanaoomba fedha za mipango hii, kwa kuwa maombi hufunguliwa kila mwaka: masharti yenyewe yanahimiza kazi za nje ya darasa, kwa ajili ya vyama vya kiraia na umma. Semina ya hoteli ya katikati ya jiji, yenye chai mara mbili na kitabu cha kusaini, haiwi umma. Tengeni saa 10 katika zile 90. Saa tano Kibera, tano Kawangware, kwa Kiswahili, jioni baada ya watu kutoka vibaruani, na mada ya kwanza iwe jinsi mwanachama wa kawaida anavyoyapigia kura mapatano ya viongozi wake. Aje na mwanafunzi wa Kizungu anayeandika tasnifu juu yetu. Akitaka kuuliza, naye akubali kuulizwa. Sisi wanasheria tutakuja bila malipo kusoma vifungu. Ukumbi ukikosekana Kibera, kuna uwanja wa Kamukunji. Kawangware twajua makanisa na misikiti ambayo haitatufungia mlango, mvua ikinyesha.