Matuta ya Amri na Kuta za Mwethya

Aghalabu mtu akiulizwa kwa nini mradi umefaulu au umeanguka katika nchi kama zetu, hutaja fedha kwanza, kisha wataalamu, na wananchi huwataja mwisho. Walakini tarikhi ya Ukambani, nchini Kenya, yaonyesha mambo kinyume cha hayo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ilipoona ardhi ya Machakos, ambayo zama zile ilijumuisha Makueni, ikiliwa na mmomonyoko, iliazimia kupunguza mifugo kwa nguvu, ng'ombe wakakamatwa na kunadiwa. Ndipo watu kwa maelfu wakafunga safari hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye alihamishiwa Lamu, ijapokuwa serikali nayo ililazimika kuitangua amri yake. Matuta ya kuzuia mmomonyoko yaliyochimbwa kwa shuruti ya serikali hiyo yalichukiwa vivyo hivyo. Baadaye, kahawa na matunda vilipoanza kumlipa mkulima jasho lake, wenyeji walichimba kwa hiari matuta ya "fanya juu", udongo ukitupwa upande wa juu wa mtaro. Mteremko ni ule ule na mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni nani aamuaye na nani avunaye.

Kitui nako, katika Ukambani huo huo, tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL limeshirikiana na vijiji kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji huketishwa juu ya mwamba katika mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga nyuma yake, na maji hujificha humo yasinyonywe na jua. Nenda Septemba, mto ukiwa mkavu: utamkuta mwanamke amechimba kishimo mchangani, amekizungushia miiba ng'ombe wasiingie, naye achota kwa kata, taratibu, hata mtungi wa lita 20 ujae.

Mawe ya kuta hizo hubebwa na mwethya, ule ushirika wa kale wa kusaidiana kazi, nao wasifiwa mno katika ripoti za wafadhili. Mimi nina shaka kidogo na sifa hizo, kwani wabebaji wengi ni wanawake ambao tayari wamelemewa, na kazi ya bure si dalili ya umiliki ikiwa mchoro, hesabu na mahali pa ukuta vimeamuliwa kwingine. Lililo muhimu zaidi ni mamlaka ya kukataa. Makueni, baada ya ugatuzi wa 2013, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kamati zilizochaguliwa na wakazi zilipewa kazi ya kukagua ujenzi, na mkandarasi asilipwe mpaka zitie sahihi.

Hata mamlaka hayo yana mpaka wake. Ujenzi wa Nairobi wautaka mchanga huo huo uhifadhio maji, na malori huufuata hadi mitoni. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Kamati ya kijiji yaweza kumkatalia fundi aliyepunja saruji, ila kumzuia mwenye lori usiku kwahitaji polisi na mahakama, na gharama ya hayo haifai kutwikwa mwethya.