Roboti wa Kupika Chai
Wacha tuambiane ukweli kuhusu Plastic Memories (2015). Isla, roboti aliyepangiwa kuishi saa 81,920, alituliza wengi. Mwisho unauma, sikatai. Lakini toa hizo saa, unabaki na mapenzi yaleyale ya anime: kijana mgeni kazini, msichana mwenye haya anayejikwaajikwaa na kuwaandalia wenzake chai. Sayansi ni pambo tu. Hakuna anayeuliza nani alifanya hiyo kazi kabla ya roboti.

Huku Kericho hilo ndilo swali la kwanza. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma majani chai, wakisema zinawanyang'anya kazi. Anime inataka tuililie mashine inayozimwa. Na mama aliyeachishwa kuchuma, yeye atapewa episodi gani?